Mashine ya Kufugishwa

Kijiwe chetu hapa Soweto, Moshi, ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha gemu cha Elisaria, na sisi wenye benchi hatujawahi kushindwa na mada. Jumamosi ile ya mwaka 2005 birika la kahawa lilikuwa bado zito, na mada ilikuwa mezani ndani ya kibanda: mashine mpya ya gemu, nyembamba kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Toleo ni lile lile, gemu ni zile zile, ila wenye kiwanda wameipunguza mwili katikati ya safari. Alfajiri Elisaria alikuwa amempa mfanyabiashara wa Arusha ile nene ya zamani, akachukua hii. Tatizo, ile nene haikuwa yake. Ilikuwa ya shangazi yake Mektrida wa Marangu, aliyemwachia kwa masharti ya ng'ombe wa kufugisha: maziwa, yaani hela za wachezaji, kunywa wewe, ng'ombe ni wangu. Na leo shangazi alikuwa anashuka kumwona ng'ombe wake.

Wa kwanza kumtetea alikuwa Efraimu, bwana shamba mstaafu, ambaye tunamwita Kisiki.

— Mti wa kahawa ukizeeka huung'oi. Unakata, unabakiza kisiki, unaacha machipukizi mawili, unavuna upya. Kiwanda kimefanya hivyo tu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Koleo gani limevunjika? Mashine ilikuwa nzima.

Huyo ni Ticha, Eliezeri, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini. Kwake yeye huu ni utapeli.

— Mtoto yuko la nne, msubiri afike la tano. Hawa wameanzisha la nne na nusu, na sare mpya juu. Wangengoja toleo linalofuata wangekufa?

Melkior, fundi redio tunayemwita Injinia, aliweka kikombe chini. Alisema amewahi kufunga redio akabakiwa na skrubu saba, na redio ikaimba vizuri kuliko zamani. Kwa hiyo nusu ya vyuma vya ile nene vilikuwa vya kujaza nafasi.

— Miaka mitano ijayo itakuwa kama kifungo cha shati. Kumi, unachanjwa begani kama surua, unacheza ukiwa kwenye mahubiri.

Nami sikukubali kupitwa. Nikasema hata barafu ya mlima wetu inapungua, na mlima haujaacha kuwa mlima. Kisiki akanipa mkono.

Elisaria peke yake hakucheka.

— Wazee wangu, ng'ombe wa kufugishwa akifa unampelekea mwenyewe ngozi, aone. Mimi sina hata waya wa ile mashine. Akiniona mwongo, ananinyang'anya na hii, kibanda kinafungwa. Nitamwambia nini?

— Mwambie imeboreshwa, alisema Kisiki. Tulipoleta ng'ombe wa kisasa wazee waligoma. Leo nani anamtaka wa kienyeji?

Hata Ticha, mpinzani wa mashine, alimtuliza kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuelewa nani angepona, lakini ilisemwa kwa uhakika nikaitikia.

Mektrida alifika na kikapu cha ndizi. Tulisimama wote, shikamoo zikamiminika, akaitikia marahaba moja ya kututosha. Elisaria alimwingiza ndani huku akieleza habari za kuboreshwa, na maneno yetu yote ya benchini yakamtoka bila mpangilio, kisiki, skrubu, mpaka barafu. Shangazi hakumkatiza. Tukumbuke, ile nene aliileta mwenyewe kutoka Marangu, imefungwa kwenye kanga kichwani, na uzito wake anaujua. Akainyanyua hii nyembamba kwa mkono mmoja, akaigeuza, akaipapasa mgongoni.

— Ni ndama, alisema. Mzuri. Mama yake yuko wapi?

Elisaria akatutazama sisi mlangoni. Kisiki alitazama viatu vyake. Injinia, mwenye jibu hadi la miaka kumi ijayo, alichungulia ndani ya kikombe kitupu, na mimi niliona aibu ya kweli, maana kijana alikuwa ametuamini.

Mektrida akarudisha mashine mezani taratibu, akatoka nje, akakaa katikati ya benchi letu na kuweka kikapu miguuni.

— Basi nitamsubiri.

Birika lilikuwa halijafika nusu. Hakuna aliyemimina.