Mkono Juu ya Kikombe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa kuchomelea vyuma, Singasinga kwa dini, aliyetutoka wiki iliyopita. Moyo ulisimama akiwa karakanani, miwani ya kazi bado usoni. Watu walimwita Fundi Cheche. Jina lilitokana na kilemba chake, maana kila jioni kilirudi nyumbani na matundu mapya ya moto. Mjane wake alituambia hivi, akicheka huku machozi yakimtoka: "Niliolewa na fundi wa vyuma, nikaishia kuwa fundi wa vilemba."

Lakini mama huyo alituomba jambo moja. Tusimpake sukari marehemu. Mumewe alikufa na dukuduku moyoni, na yeye anataka lisemwe.

Fundi Cheche alilelewa na kaka yake mkubwa. Wazazi walikufa mapema. Kaka ndiye aliyemlisha, akampeleka kujifunza ufundi, akamwoza. Miaka ikapita, kaka akafungua kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Alipohitaji bomba la kutoa maji machafu nyuma ya kiwanda, angemwita nani kama si mdogo wake? Bomba lile, wasikilizaji, alilichomelea Fundi Cheche kwa mikono yake mwenyewe. Likateremka hadi kijitoni, maji yakaenda zake, naye hakulifikiria tena.

Naye alikuwa mtu wa ibada. Kila alfajiri alioga, akafunga kilemba, akasali. Katika dini yake Mungu ni Mmoja, na Huyo Mmoja hakuumba dunia akaenda kukaa mbali. Yumo ndani ya alichokiumba. Yumo ndani ya mtu na ndani ya mdudu, ndani ya udongo, ndani ya maji. Fundi Cheche aliyasema hayo kila siku, na aliyaamini.

Ndiyo maana kwenye hekalu lao kuna ukumbi wa chakula ambao haumuulizi mtu dini yake. Wote huketi sakafuni, safu moja, tajiri akigusana bega na mchukuzi. Kazi ya Fundi Cheche ilikuwa kupita na jagi la maji. Na safu hairukwi. Asiyetaka maji hufunika kikombe kwa kiganja, mgawaji husogea bila kuuliza. Hiyo ndiyo adabu ya pale.

Sasa, palikuwa na mama mmoja, dobi, mkazi wa kule kijito kinapokata kona. Kila wiki alikuja kula, na kila wiki alifunika kikombe. Fundi Cheche alisogea. Alidhani mama wa watu hana kiu. Ikapita miezi. Siku moja chakula kikamkwama yule mama kooni, akakohoa hadi macho yakamtoka, na bado kiganja kikawa juu ya kikombe. Hapo Fundi Cheche akasimama. Akauliza.

Mama akageuza kiganja, amwonyeshe. Ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, kwa maji ya kijito anamofulia. "Baba, nilikuona juu ya ngazi siku ile unachomelea lile bomba. Maji ya mkono wako siyawezi."

Fundi Cheche alirudi nyumbani kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kesho yake alfajiri, anasema mjane, sala ilimkwama katikati. Akamgeukia akamwambia: "Mama watoto, kila siku nasema yumo ndani ya maji. Sasa mimi nimemmwagia nini?"

Akaenda kwa kaka yake. Kaka si mtu mbaya, wasikilizaji, tusimfanye shetani. Alieleza kwamba gharama ya mtambo wa kusafisha maji ingemmaliza, na kiwanda kina midomo mingi inayokitegemea. Kisha akamkumbusha nani alimlea. "Damu nzito kuliko maji," akasema.

Mdogo mtu akainamisha kichwa. "Kaka, aliyemo ndani ya damu ndiye huyohuyo aliyemo ndani ya maji."

Akaondoka hapo, akachukua bamba la chuma, akashuka kijitoni, akaliziba bomba. Maji yakarudi kiwandani, yakafurika sakafuni, yakaharibu mzigo mzima wa vitambaa. Kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakaenda nyumbani mikono mitupu, na mmoja wao alikuwa mkwe wa yule dobi.

Dobi akamfuata karakanani. Hakuja kushukuru. Alisema mkwe wake hana kazi, wajukuu wanashinda njaa, na yeye fundi alifunga bomba bila kuwauliza, kama alivyolifungua bila kuwauliza.

Haikuchukua muda, kaka akaleta fundi mwingine. Bamba likakatwa. Bomba likaanza kumwaga tena. Tangu hapo ndugu wale hawakupikika chungu kimoja. Fundi Cheche alirudi tena na tena kumsihi kaka yake, akapewa kisogo. Ukumbini akimaliza kugawa maji, aliketi mwisho wa safu na kuacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Mkewe alimwambia anajisumbua. Akamjibu: "Mmoja yumo ndani ya kaka pia. Nimemuumiza kule kijitoni, nikamuumiza na huku." Nafasi ile haikukaliwa hadi alipofariki.

Baada ya mazishi, watu waliketi safu kama kawaida. Kaka mtu alikuja. Hakuketi. Aliliomba jagi la mdogo wake, akaanza kugawa. Akafika kwa dobi. Dobi akafunika kikombe.

Kaka akataka kusogea, kama adabu inavyotaka. Mjane akamzuia. "Shemeji, hapo usipite. Mwenzio alisimama akauliza."

Kaka mtu akamgeukia dobi. "Mama, mbona hunywi?"

"Nitakunywa ya kwako siku utakapokunywa ya kwetu."

Waliokuwepo wanasema mzee aliketi palepale sakafuni, jagi mapajani, na safu nzima ikangoja maji.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa kaka mtu, na kwa watu wa kona ya kijito, pokeeni pole zetu sote wa redio hii. Mungu awatie nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkinywa maji, muwaze kidogo yametoka wapi, na yakitoka kwenu yanakwenda kwa nani. Mimi nilipita kijitoni asubuhi hii nikija kazini. Bomba alilolichomelea Fundi Cheche bado linamwaga. Leo maji yalikuwa ya buluu.