Kikapu cha Dada Koku na Vidonge vya Aina Mbili

Bwana asifiwe, washarika! Mkishamsifu, mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa. Mungu aliyeniponya anajua kwamba kwangu kusimama tu ni safari.

Ndugu zangu, mnanifahamu. Mimi ni yule mzee wa Kanazi ambaye mke wake, Mama Alinda, humwita mgomba: nikishapandwa mahali sing'oki. Harusi huwa mnanisimulia, misiba ya mbali natuma rambirambi. Hata presha ilinifuata nyumbani, maana mimi nisingeifuata.

Presha yenyewe ilikuwa sugu, kidonge kimoja hakikuitosha. Nikapewa vya aina mbili, vyeupe na vya njano, nikaambiwa vimezwe vyote, kimoja kisiachwe bila mwenzake. Nikaitika "ndiyo, waitu" kwa heshima yetu ya Kihaya, kama mtu aliyesikia, na huku akili ilishapanda bodaboda kurudi nyumbani.

Vile vyeupe vilinichosha, ndugu zangu! Mikono baridi, miguu mizito, kutoka kitandani hadi jikoni napumzika njiani. Mama Alinda akaniuliza, "Baba Alinda, dawa inakuchosha kweli, au safari hii uvivu umepata cheti cha daktari?"

Katika uchovu huo akaja dada yangu Koku, anayeuza dagaa kisiwani Bumbire. Naye ana presha, lakini kwake kwenda kupimwa ni safari ya maji, basi huenda akikumbuka. Alileta kikapu kimejaa samaki wa kukaushwa. Sasa nyinyi ni Wahaya wenzangu, au mmeoa kwetu: kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Afadhali ulale njaa! Na kibanja changu kilikuwa kimepigwa na mnyauko, migomba imekauka, hata mkungu mmoja wa kufichia aibu sina. Nikaangaza macho ndani ya nyumba, yakatua kwenye vidonge. Nikawaza kisomi, maana kidato cha nne nilifika: presha ni ileile, tumbo tulilozaliwa ni moja, dawa ziko mbili. Nikamfungia vyeupe vyote, nikabaki na vya njano. Ukarimu na uvivu vikapeana mikono!

Koku akakipima kikapu mkononi. "Kaka, mbona chepesi?"

"Chepesi mkononi, kizito kwa afya," nikamjibu. Nilijipenda sana kwa jibu hilo.

Haikupita wiki. Nimekaa tu, sifanyi kitu, kama kawaida yangu, na moyo unakimbia. Moyo wa mtu ambaye hajawahi kukimbilia hata mvua! Kichwa kinagonga, miguu imevimba. Mama Alinda akaniwekea mkono kifuani, akauondoa kama aliyegusa sufuria ya moto. Akaita bodaboda. Nikabanwa katikati yake na dereva kama gunia la kahawa, mpaka hospitali mjini.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. "Vidonge vyeupe viko wapi?"

"Viko Bumbire."

Akavua miwani. "Mzee wangu, barabara ya Kashai ikipanuliwa, bodaboda wanafanyaje?"

"Wanakimbia, waitu."

"Basi hiki cha njano kinapanua mishipa ya damu. Mishipa ikipanuka, moyo unashtuka, unaanza mbio. Kile cheupe ni tuta. Wewe umeacha barabara pana, tuta umeling'oa. Tena kwa ghafla! Kile hakiachwi ghafla, kukiacha hivyo kungeweza kukuua." Kisha akauliza, "Huyo dada ana ugonjwa mwingine?"

Nilitaka kusema hapana. Nikakisikia kifua cha Koku tulipokuwa watoto, kinapiga filimbi, na mama yetu amemkalisha dirishani apate hewa.

"Ana pumu," nikasema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mpigieni sasa hivi. Kidonge hicho kinaweza kumfunga pumzi."

Simu haikupatikana. Mama Alinda akapiga, akapiga tena. Nami nimelazwa, moyo unakimbia, na sikuujali tena. Ndugu zangu, uchovu wa vidonge ulikuwa mchezo. Sikumwomba Mungu aniponye. Nilisema tu, Bwana, usimchukue kwa mkono wangu. Nikarudia hilohilo mpaka midomo ikakauka.

Jioni Koku akapokea.

"We kaka! Zawadi gani ile? Nimemeza kimoja, kifua kikafunga kama duka siku ya msiba! Nimevuta dawa yangu ya pumu, majirani wananipepea, ndiyo nikarudi. Ulikuwa unawinda urithi gani kwangu, dagaa?" Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Nikalia mbele ya wauguzi bila aibu. Bwana apewe sifa!

Siwadanganyi, washarika. Uponyaji wangu haukunipa mbio. Namezeshwa vyote viwili, Mama Alinda akisimamia kama mwalimu wa zamu, na bado nachoka. Lakini moyo sasa unatembea mwendo wa mwenye nyumba. Nilipopata nguvu, mgomba ukang'oka: nikapanda boti, nikatapika njia nzima hadi Bumbire, nikamchukua dada yangu aje apimwe. Kapewa dawa yake mwenyewe, isiyogombana na kifua chake.

Ndugu yangu, mtegemee Mungu huyu, yeye aliyemlinda mtu kisiwani wakati simu zimeshindwa. Na dawa uliyopewa imeze wewe, yote, usimgawie hata umpendaye. Hasa umpendaye.

Koku ndiye yule pale nyuma, anayenicheka. Kesho anarudi. Ametuletea samaki tena, na kibanja changu bado hakijapona. Mwenye mkungu wa ndizi anione baada ya ibada. Nimechoka, lakini kikapu hakirudi kitupu.