Marehemu Mzee Moris Lako, Aliyelala Awindiri Miaka Ishirini na Saba

Mzee Moris Lako alizaliwa hapa Kuluba, Koboko, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mama yetu Margaret. Ninayesoma ni mdogo wake, Pitia.

Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba. Mwaka 1975 aliingia jeshini, akawa dereva wa lori la chakula. Bunduki alifundishwa, lakini silaha kubwa hakuzijua. Vita vya 1979 vilimkimbiza Zaire, akarudi 1986.

Mwaka 1988 alimwoa Rosa Kiden, wakajenga Awindiri, mjini Arua. Aliendesha lori la tumbaku. Mwaka 1998 aliacha udereva ghafla, akaanza kutengeneza baiskeli mlangoni pake. Tangu hapo hakulala mahali pengine hata siku moja. Rosa alikuwa akimtania: "Mimi iko bibi ya pili. Bibi ya kwanza ni hii chumba."

Tulipomzika mama mwaka 2006, alirudi Arua jioni ile ile. Nilimwambia mbele ya watu, "Bwana wa mjini anaogopa kunguni ya Kuluba!" Watu walicheka. Yeye alitazama chini, akapanda boda.

Mwaka 2023 aliugua tezi dume. Madaktari walitaka alazwe. Alikataa mara tatu.

Mwezi wa nne mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kutembea, aliniita akaniambia nifunge mlango. Mwaka ule wa 1998, akisawazisha sakafu, jembe lake liligonga bomba la silaha ya begani, ile ya kupiga vifaru. Alilifukia, akaweka kitanda juu yake. Redio ilipotangaza kwamba wenye silaha wazirudishe, aliogopa.

"Mimi nilikuwa askari," alisema. "Nani itaamini si yangu? Na nikitoka hapa, mutu atachimba, watoto watakufa."

Nilikaa na hofu siku tatu, kisha nikaenda kambini. Wanajeshi walikuja, wakatuondoa sote, wakambeba na mzee hadi kwa jirani, wakachimba. Baadaye mmoja wao alikuja kumwambia.

"Mzee, hii iko bure. Hii inapigwa mara moja tu, halafu bomba inatupwa. Hii walipiga zamani."

Mzee alimgeukia mkewe. Kisha akasema, "Rosa, funga nguo. Tunaenda Kuluba, kulala."

Alilala hapa siku nne. Asubuhi ya kwanza hakuamka mapema. Chai ilipoa, tukamwacha. Alifariki tarehe 9 Mei 2025, katika chumba cha mama.

Ameacha mjane, Rosa Kiden, watoto watatu, Santo, Stella Kiden na Viktoria, wajukuu saba, na mimi.

Kaka, yale maneno ya kunguni, nisamehe. Leo hakuna kurudi Awindiri jioni. Pumzika hapa kwenu, kwa amani.