Tangazo la Zornitsa Nililolisoma Nikicheka

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii sianzi na muziki. Mtanisamehe. Kwa muda mrefu kipindi hiki kimefunguliwa kwa kodiani, na mnajua ni kodiani ya nani. Leo nimeizima.

Mimi ni Manol. Ni yule yule wa miaka kumi na tisa hapa Radio Topola, ghorofani juu ya posta, mdomo usio na breki. Leo utani nimeuacha nyumbani.

Leo ni arobaini ya Zornitsa Valcheva. Zornitsa wa duka la mikate. Zornitsa wa kundi la muziki la Kizingiti. Alifariki tarehe kumi na mbili Novemba, akiwa na miaka ishirini na sita. Akazikwa kesho yake, tarehe kumi na tatu. Nayasema haya polepole kwa sababu mji mzima uliambiwa mapema, na mji mzima haukusikia. Wa kwanza kutosikia nilikuwa mimi.

Zornitsa alizaliwa hapa hapa Dolni Bryag, mtaa wa chini, karibu na mto. Baba yake alikwenda Hispania kuchuma machungwa, akasahau kurudi. Mama yake, Vasilka, alimlea peke yake kwa mshahara wa kiwanda cha nyanya. Likizo zote mtoto alikuwa kijijini Chereshak, kwa bibi yake, Bibi Stoyna. Huko, akiwa na miaka saba, aliikuta kodiani ya marehemu babu yake chini ya kitanda. Mama Vasilka anakumbuka hivi: "Ilikuwa kubwa kuliko yeye. Mimi nilikuwa naona miguu na kodiani tu, mtoto simwoni."

Wengi wenu mlimjua dukani. Mimi nilimjua dukani. Kila asubuhi saa moja alinifungia banitsa, mkate wetu wa jibini, na kunimiminia kikombe cha boza, kinywaji cha nafaka, huku akiniambia, "Kula, Manol, labda ukishiba utanyamaza kidogo." Aliimba akipanga sinia. Na siku moja kwenye foleni alikuwapo Galabin, kijana anayetengeneza simu pale kibandani karibu na kituo cha basi. Galabin anapiga ngoma. Alisikiliza, akaacha zamu yake ipite, akaacha na nyingine. Ilipofika ya tatu Zornitsa akamuuliza, "Wewe unanunua au umekuja kuota moto?" Ndivyo Kizingiti kilivyoanza.

Walikuwa wawili tu. Kampuni hawakuwa nayo, meneja hawakuwa naye. Kila kitu walifanya kwa mikono yao minne. Studio yao ilikuwa chumba cha nyuma cha Bibi Stoyna, kule Chereshak. Galabin alikipigilia magodoro na blanketi ukutani. Dirisha alilijaza sufu, akaliziba kwa ubao na gundi, sauti ya nje isiingie. Ndani kulikuwa na jiko la chuma la makaa ya mawe, maana kule juu Oktoba tu maji yanaganda.

Bibi Stoyna hakukipenda chumba kile. Alisimama mlangoni akasema, "Hiki chumba hakipumui."

Galabin akamjibu, "Bibi, ni huyo jogoo wako. Kila tukirekodi anaimba na yeye."

"Basi mchinjeni jogoo. Dirisha mniachie."

Walicheka. Jogoo hakuchinjwa, na dirisha halikufunguliwa. Miaka miwili walirekodi humo, nyimbo tisa. Albamu wakaiita Arobaini, kwa sababu wimbo wa mwisho unamhusu mwanamke anayepika ngano ya kugawia watu kwenye arobaini ya mumewe. Santuri mia tatu zilikuwa njiani. Tarehe ya kutoka ikapangwa: kumi na nne Novemba, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa utamaduni.

Sasa ikaja kazi ya kuitangaza, na hapo ndipo penye jambo letu.

Galabin alisema, "Zorni, katika mji huu watu husimama kusoma karatasi moja tu." Na alisema kweli. Matangazo ya dansi tunayapita. Ya uchaguzi tunayapita. Lakini karatasi yenye fremu nyeusi na picha ya mtu, iwe kwenye nguzo, kwenye mlango au kwenye mti, tunasimama, tunavua kofia, tunasoma ni nani tena. Hata mvua ikinyesha tunasoma.

Wakaenda kwa Mzee Metodi, mwenye duka la maziko, anayechapa karatasi za misiba ya mji mzima. Wakampa picha yao. Mzee Metodi alicheka mpaka akavua miwani. Akawachapia. Fremu nyeusi, msalaba juu, picha katikati. Chini: Zornitsa na Galabin, tutawaaga tarehe kumi na nne Novemba, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa utamaduni. Maua yaje mawili mawili. Mnaelewa, mawili mawili, kama ya marehemu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la albamu.

Karatasi mia moja na hamsini. Tarehe mosi Novemba ziliamka zikiwa kila mahali.

Wasikilizaji wapendwa, nani hakucheka? Wachache walikasirika, padri alilalamika, na shangazi mmoja alinunua mishumaa kabla hajavaa miwani. Sisi wengine tulifurahi. Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Niliwaita hapa studioni, nikawakaribisha kama "marehemu wetu wapendwa", nikamuuliza Zornitsa jeneza linabana wapi. Kwa wiki nzima sikuwataja kwa majina. Niliwaita marehemu. Nilikwenda dukani nikasema, "Marehemu, nipe banitsa." Alinipa.

Bibi Stoyna alishuka kwa basi kutoka Chereshak na kisu cha mkate mkononi. Akaanza kukwangua nguzo moja baada ya nyingine. Zornitsa alimkuta kituoni, vidole vimejaa gundi.

"Bibi, watu wanakuangalia!"

"Wacha waangalie. Picha yako nimeikuta kwa mchinjaji, imebandikwa kando ya kichwa cha nguruwe."

"Ni tangazo tu, bibi."

"Kusoma najua. Ndiyo maana naogopa."

Akatema mate pembeni mara tatu kufukuza mkosi, akaendelea kukwangua. Hakurudi kijijini. Alihamia kwa Mama Vasilka, kila siku akitoka na kisu chake, maana karatasi zilikuwa nyingi kuliko nguvu zake. Kwa hiyo nyumba ya Chereshak ilibaki tupu. Asiyekipenda chumba kile hakuwapo tena kukikemea.

Tarehe kumi na mbili Novemba, asubuhi mapema, Zornitsa aliomba ruhusa dukani. Siku mbili zilibaki. Alitaka kufanya mazoezi ya wimbo wa mwisho bila kusumbua majirani. Akapanda Chereshak peke yake. Kulikuwa na barafu. Akawasha jiko la makaa, akafunga mlango, akakaa na kodiani.

Galabin alifika saa nne na maboksi ya santuri. Zilikuwa zimefika asubuhi ile, alitaka amshangaze. Alibisha. Alivunja mlango. Zornitsa alikuwa amekaa kitini, kodiani mapajani, kichwa kimeilalia. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, wasikilizaji. Inakuchukua kama usingizi. Dirisha lile aliliziba Galabin, nami siongezi neno hapo.

Mchana ule Mzee Metodi alichapa karatasi nyingine. Picha mpya hapakuwa na aliyeweza kuitafuta, akachukua ile iliyokuwa tayari kwenye mashine yake. Akamkata Galabin, akamwacha Zornitsa. Fremu ile ile, msalaba ule ule. Na Galabin akazibandika mwenyewe, kwa ndoo ile ile ya gundi, juu ya nguzo zile zile.

Sasa sikilizeni tulichomwambia. Nimekwenda kwa kila mtu, nimeuliza, na watu wamekubali niseme. Mwenye mkahawa wa kituoni alimwambia, "Heh, mmegombana? Mbona umejitoa?" Muuza magazeti alimwambia, "Afadhali ungekufa wewe, Zornitsa atuachie banitsa zetu." Rafiki yake aliyesoma naye alimjibu kwenye simu, "Galabin, bwana, utani ukirudiwa unachacha. Tutaonana Ijumaa." Kijana analia, nao wanamsifu kwa kuigiza.

Mazishi yalikuwa kesho yake, saa saba mchana. Galabin alikuwa akitafuta watu wanne wa kubeba jeneza. Katika mji wa watu elfu sita, hakuwa amepata hata mmoja.

Tarehe kumi na tatu, saa mbili asubuhi, nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa redio yetu. Nikaibandua, nikapanda nayo. Nikaisoma hewani. Niliisoma kwa sauti ya padri, nikivuta maneno. Nikasema, "Jamani, wale watoto wamerudi, safari hii wameua mmoja tu, nadhani wanabana matumizi!" Nikacheka. Simu ikalia. Alikuwa Galabin, nami nikamweka hewani.

Nikasema, "Tunaye marehemu mwenyewe! Galabin, huko ahera mtandao unashika?"

"Manol, acha kusoma hiyo karatasi."

"Amekasirika, wasikilizaji! Kumbe mwenzako kakutangulia?"

"Amekufa. Zorni amekufa kweli, Manol. Nahitaji watu wanne wa kubeba. Waambie. Wewe wakikusikia watakuja."

Nami nikasema, na kanda ninayo, siwezi kuikana: "Mmesikia sauti hiyo? Huyo ndiye msanii! Kidogo niamini." Nikafungulia wimbo wao. Simu ikakatika.

Saa saba mchana jeneza lilibebwa na Galabin, Mzee Metodi na wachimba kaburi wawili. Nyuma yake walitembea padri, Mama Vasilka na Bibi Stoyna. Basi. Mzee Metodi ana miaka sabini na tatu. Walipumzika mara tano njiani, wakiliweka jeneza kwenye theluji.

Kesho yake, tarehe kumi na nne, saa kumi na moja jioni, ukumbi ulijaa. Zaidi ya watu mia mbili. Tulikuja na maua mawili mawili, tukitaniana pole mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji. Galabin alipanda jukwaani peke yake, akaiweka kodiani juu ya kiti. Tukapiga makofi. Akasubiri makofi yaishe. Akasema, "Jana saa saba mchana nilihitaji watu wanne." Akashuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mtu mmoja alicheka, akaacha katikati. Nilitazama chini ukumbini nikamwona Mzee Metodi amejifunika uso kwa kofia yake, na hapo nikajua.

Nilikwenda kwa Mama Vasilka mara mbili, hakufungua. Mara ya tatu alifungua. Redio yake iko juu ya friji. Aliniambia, "Siku ile nilikuwa nachemsha ngano ya mazishi. Nikasikia unacheka. Nikasema, Manol anajua kila kitu katika mji huu, labda anajua kitu nisichokijua mimi. Kwa dakika moja, Manol, nilizima jiko. Kwa dakika moja mwanangu alikuwa hai."

Nilipiga magoti pale jikoni. Hakuniambia amenisamehe. Bibi Stoyna alikuwa kwenye kochi, kisu chake cha mkate mezani, akaniambia, "Inuka, unalowesha zulia." Nilimuuliza Mama Vasilka nifanye nini. Akasema anataka jambo moja tu. Nitalitekeleza sasa hivi.

Kabla ya hapo, kwako Mama Vasilka, kwako Bibi Stoyna, kwako Galabin: poleni. Poleni sana. Mungu amrehemu Zornitsa. Na sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize kidogo leo, mtu alipokuja kwake na habari ya msiba, alimtazama usoni kabla ya kumjibu? Mimi hata sauti yake sikuisikiliza. Na wenye jiko la makaa, nawaomba, nendeni mkafungue dirisha hata kama ni baridi.

Ngano ya arobaini iko tayari. Leo saa tano asubuhi, makaburi ya juu. Galabin atakuwapo.

Mama Vasilka alisema: "Isome tena. Isome kama unavyosoma za watu wengine. Neno usibadilishe." Karatasi ninayo mkononi, ni ile niliyoibandua mlangoni. Naisoma.

"Kwa huzuni kubwa tunawatangazia kwamba binti yetu mpendwa, Zornitsa Valcheva, amefariki dunia leo, tarehe kumi na mbili Novemba, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Mazishi ni kesho, saa saba mchana, makaburi ya juu. Tunawaomba wote mliomfahamu mje mtusaidie kumsindikiza."