Salfa Kidogo Kwenye Tangi la Chokaa

Kijiwe chetu cha Majengo kiko mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, na mimi Hamisi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Bakili tunamwita Profesa, kwa kuwa hana swali asilolijibu. Urbani ni Redandansi, tangu chama cha ushirika kilipompunguza kazini mwaka tisini na mbili. Aidan ni Mmarekani: padre mmoja alimtafutia kazi ng'ambo kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, akakaa miaka sita, akarudi mwaka jana na sanduku moja na bega lisilonyanyuka. Asubuhi moja likapita lori la salfa ya kupulizia mikorosho ya Tunduru. Harufu ilipobaki, Aidan akaanza kusema.

Aidan: Kule tulitia salfa ili tusafishe moshi wa salfa.

Redandansi: Rudia hapo, Mmarekani.

Aidan: Makaa yana salfa ndani. Ukiyachoma moshi unatoka mkali, unaua misitu. Basi wanaupitisha kwenye mnara, wanaunyunyizia maji ya chokaa. Chokaa inaikamata salfa.

Profesa: Sawa kabisa. Dawa ya moto ni moto.

Redandansi: Chokaa si moto, Profesa.

Profesa: Imetoka tanuruni. Endelea, ndugu.

Aidan: Shida ni hewa. Ikiukuta ule uchafu uliokamatwa, inaugeuza jasi, ile ile ya kufungia mguu uliovunjika. Inaganda ukutani, mabombani, nene kama tofali. Mtambo ukizimwa, sisi tunaingia mnarani na nyundo kuibandua.

Redandansi: Miaka yote hiyo nyundo tu?

Aidan: Nyundo tu. Tulikuwa kumi na mmoja. Siku moja kikabanduka kipande kikubwa kama mlango. Mimi kilinipiga begani. Rupert, niliyekuwa nakula naye, kilimpiga kichwani. Hakuamka.

Profesa akaweka kikombe chini. Nikamwongezea Aidan kahawa bila kuulizwa.

Profesa: Pole sana. Hukuwahi kutuambia.

Aidan: Baada ya mazishi akaletwa mkemia, mama mmoja mpole. Akaagiza unga wa salfa umwagwe kwenye tangi la chokaa. Humo unageuka dawa ya kuizuia hewa isifanye kazi yake. Ndizi ukiimenya inakuwa nyeusi, lakini ukiipaka ndimu inachelewa. Ndivyo ilivyokuwa. Jasi ikaacha kuganda.

Redandansi: Salfa nyingi?

Aidan: Kidogo tu.

Redandansi: Haba na haba hujaza kibaba.

Aidan: Pale kibaba kiliacha kujaa, mzee.

Profesa: Hiyo ni chanjo. Mnara umechanjwa salfa kama mtoto anavyochanjwa ndui.

Redandansi: Ni biashara huria. Anakuuzia makaa yenye salfa, kisha anakuuzia salfa ya kutibu makaa.

Profesa: Tena hii ya Tunduru ni mabaki ya mnara wa Aidan. Mwakani mikorosho itakuwa migumu kama imefungwa plasta.

Kwenye ncha ya benchi alikaa mama mmoja akisubiri gari la Peramiho. Baadaye alisema anaitwa Lidwina.

Lidwina: Shikamooni, baba zangu. Samahani kuwaingilia. Nyinyi wa nyundo ikawaje?

Aidan: Marahaba, mama. Bega lilipopoa kidogo nikarudi kazini. Mnara ukaenda miezi minane bila kusimama. Ulipofunguliwa tukaingia na taa. Kuta zilikuwa safi, chuma kinaonekana. Wiki ile ile tukapewa barua za kupunguzwa, wote kumi.

Redandansi: Kumbe na huko zipo.

Lidwina: Na ulipoziona zile kuta safi, baba, ulifurahi au ulisikitika?

Profesa akatazama barabara. Redandansi akazungusha kikombe kitupu.

— Niliugusa ukuta kwa kiganja, akasema Aidan. Nikasimama hapo mpaka nilipoitwa.