Umurinzi wa Kaburi la Keza

Baba Padre, majirani na ndugu waombolezaji, mimi ni Bizimana, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, familia imenituma niwasomee maisha yake, mnivumilie sauti ikikatika.

Marehemu Nduwayo Celestini alizaliwa tarehe 14 Februari 1952 huko Giteranyi, mkoa wa Muyinga, Burundi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1964 baba yetu alipofariki, akashika jembe na kututunza sisi wadogo zake, wala hatukulala njaa. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa takatifu na Felisita Niyokwizera, mjane wetu aliyeketi pale, Mungu akawajalia watoto wawili, Keza aliyezaliwa mwaka 1989 na Francisca aliyezaliwa 1996.

Oktoba 1993 tulikimbia vita, tukavuka mpaka wa Kabanga kuingia Tanzania kwa miguu, Keza akiwa mgongoni kwa baba yake, na tarehe 3 Juni 1994 mtoto huyo akafariki hapa kambini kwa kuhara damu, akazikwa kwenye mlima huu huu. Msalaba wake wa mbao haukumaliza wiki, maana kuni zilikuwa shida na kila nyumba ina chungu, hatumlaumu mtu, hata sisi tulipikia msalaba wa mtu.

Ndipo kaka akachomeka kaburini kijiti cha umurinzi, mti wa kwetu wenye maua mekundu ambao wazee huupanda makaburini, kwa kuwa huota upesi na kuni zake ni moshi mtupu, hakuna wa kuukata. Kweli watu waliuacha, wadudu hawakuuacha, buu aliingia kila chipukizi na kula kiini chake, mti ukanyauka kuanzia juu. Kila masika alipanda tena, akapaka majivu, akanyunyiza maji ya tumbaku, akapasua machipukizi kwa wembe na kuwatoa mabuu mmoja mmoja.

Kuanzia 1997 hadi 2004 alifanya kazi kwenye kitalu cha miti ya kurudishia misitu iliyokwisha kwa kuni zetu, na miche ya mikono yake imesimama mpaka Nyakahura, ila ule mmoja ulimshinda. Mwaka 2001 alilazwa wiki tisa, aliporudi kijiti kilikuwa kimeoza, mchwa wamemalizia, nyasi zimefunika mlima wote, na tangu siku ile hakujua tena mtoto wake amelala wapi.

Wengi mlimsihi ajiandikishe turudi Burundi, akajibu kwamba hawezi kumwacha mtoto asipojua amemwacha wapi, tukamcheka, mimi nikiwa wa kwanza, na leo najuta.

Aliugua kifua kuanzia Novemba 2006, akafariki tarehe 13 Machi 2007, saa kumi jioni, akiwa ameagiza azikwe ubavuni mwa Keza. Alinionyesha mahali mara tatu, na mara zote tatu palikuwa tofauti, tumechimba pale pa mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochimba kaburi, na wenzake wa kitaluni mlioleta miche, mtuwie radhi kwamba hatutaipanda, tumeweka jiwe, kwa sababu lori letu la kurudi Burundi linaondoka Alhamisi na hapa habaki mtu wa kutoa mabuu.

Pumzika kwa amani, kaka, na kama tumekosea mahali, utusamehe.