Kilima cha Papa Bonaventure

Papa Bonaventure, fundi wa magari wa kituo chetu cha afya, anastaafu tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alipoanza, kituo kilikuwa na gari moja. Anatuachia gari moja.

Vita ilipotukimbiza, alizika spana zake nyuma ya jiko. Aliporudi alizifukua zote isipokuwa namba kumi na tatu, na mpaka leo akiona mtu analima pale, huenda kuiulizia.

Gari lilipokataa kuwaka, hakuruhusu mtu aguse kitu. "Kwanza taa," alisema. Aliwasha taa za mbele, mtu akazungusha ufunguo, yeye akatazama. Zikififia, tatizo ni bateri. Zikibaki kali na injini imenyamaza, ni demareri, ile mota ndogo inayoizungusha injini. Injini ikizunguka bila kushika, alifuata mazutu, yaani dizeli, kutoka tanki hadi pampu. Dereva wetu Eugène siku moja aliona hayo yote yanachelewesha, akachukua nyundo na kuigonga demareri. Gareji nzima ilimsikia Papa Bonaventure: "Ee Eugène, iyo haiko nyoka! Unaipigia nini?"

Demareri ya ambulansi ilikuwa imechoka, na mpya hatukupata. Basi Papa Bonaventure alijenga kilima cha udongo nyuma ya gareji. Kila jioni ambulansi ilipanda kinyumenyume, uso barabarani, jiwe chini ya gurudumu. Ikikataa ufunguo, unaondoa jiwe, inateremka, mwendo unaizungusha injini, inawaka. Miaka tisa hakuna mgonjwa aliyeachwa uani.

Februari 2022 tulitarajia wageni. Mimi, katibu wa kituo, niliona kile kilima kinaharibu uso wa kituo. Niliagiza kisawazishwe na pawekwe maua. Aliniuliza mara moja tu: "Secrétaire, na siku moteri itakataa?" Nilimjibu kwamba watu wa kusukuma hawatakosekana.

Wiki mbili baadaye, siku ya soko, mke wangu Constance alijifungua, na damu haikukata. Alipaswa kufikishwa hospitali ya Baraka. Gari halikuwaka. Watu walikuwa sokoni; wauguzi wawili na mfagiaji walisukuma, magurudumu yakazama kwenye udongo laini palipokuwa na kilima. Papa Bonaventure alianza na taa: kali, injini kimya. Alifungua demareri, akaijaribu moja kwa moja kwenye bateri, ikazunguka vizuri. Ndipo akafuata waya mmoja baada ya mwingine, hadi ule unaoshikana na injini. Ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, kwa nje mzima kabisa. Alipouunga na gari kuwaka, muda wa saa moja na robo ulikuwa umepita. Constance alifia njiani. Mtoto wetu, Rosette, yuko hai.

Papa Bonaventure alikuja matangani. Kabla ya kunishika mkono alinawa nje kwa sabuni na majivu, muda mrefu, kwa sababu ya grisi. Alikaa siku tatu, na kilima hakukitaja. Siku ya nne tulisikia toroli: alikuwa anarudisha udongo. Maua aliyahamishia ukutani, hakutupa hata moja.

Katika faili lake kuna barua ya onyo ya mwaka ule, inayosema gari halikutunzwa ipasavyo. Aliipokea, akatia sahihi, akarudi kazini. Barua ile niliiandika mimi. Leo nasema mbele ya wafanyakazi wote: gari lilitunzwa. Kilichokosekana ni kilima, na aliyekiondoa ni mimi. Nimeandika hivyo pia kwenye karatasi na kuiweka juu ya barua ile. Najua ni kuchelewa. Yeye amekwisha kuibeba miaka miwili.

Fundi wa kuchukua nafasi yake hatujampata. Demareri ni ile ile. Jumatatu Eugène atazungusha ufunguo, na sijui ataita nani.

Papa Bonaventure, asante kwa kila safari iliyoanza mikononi mwako. Nenda Lulimba kwa wajukuu, ulale usingizi usiokatizwa na wito wa gareji. Spana namba kumi na tatu tutaendelea kuitafuta. Na kilima chako, nikiwa hai, hakuna atakayekigusa.